Jina la Aliyeimba Jikoni

Kosa nililifanya mimi mwenyewe, tena nikijua. Nalisema mapema kwa sababu wapo watakaotaka kumlaumu Anto, na wapo watakaotaka kumlaumu mama yangu, na wote wawili watakuwa wameonewa.

Kazi yangu ni kutafutia filamu na tamthilia nyimbo. Si nyimbo za wakubwa wenye mawakili, bali za vijana wanaojirekodia wenyewe vyumbani, magodoro wameyaegemeza ukutani ili mwangwi usiingie. Ninazisikiliza kutwa nzima katika ofisi yetu pale Quezon City, ndani ya Manila. Nikipata inayofaa naomba kibali, wenyewe wanasaini, wimbo unaingia kwenye picha. Na katika kazi hii kuna mwiko mmoja ambao mimi ndiye huwafundisha wageni siku ya kwanza. Picha ikiwa bado inakatwa, mhariri akakuomba wimbo wowote wa kushikilia nafasi kwa muda, usimpe kamwe wimbo usio na hakika ya kuupata. Mwongozaji atauzoea. Ukija kumletea mwingine, atauangalia kama mgeni aliyekalia kiti cha marehemu.

Basi mimi, mwalimu wa mwiko huo, nilimpa mhariri "Taa ya Jikoni".

Ilikuwa filamu ya Direk Amor. Huku kwetu mwongozaji ni Direk, awe mwanamume au mwanamke, na Direk Amor ni mama wa makamo asiyecheka ovyo. Filamu yake inamhusu binti anayefunga duka la mikate la marehemu baba yake. Katika tukio la mwisho binti anafuta meza, anazima majiko moja baada ya jingine, hasemi neno. Mhariri akaniuliza, "Felisa, huna chochote cha kuweka hapa?" Nina maelfu ya nyimbo, lakini kidole kikaenda kwenye ule mmoja. Nilitaka tu kuusikia ukitoka kwenye spika kubwa, mara moja, halafu niutoe. Ni wimbo wa Anto, na Anto nilikuwa nimemkosa kwa miaka minne. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Wiki tatu baadaye Direk Amor alikuwa ameliangalia tukio lile mpaka basi. Nilimletea nyimbo kumi na moja nyingine, akazikataa zote kabla hazijafika ubeti wa pili.

"Nataka huu," alisema. "Na nataka hasa pale katikati, yule mwanamke anapoimba bila maneno. Anaimba kama mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Ni nani yule?"

"Sijui, Direk," nikajibu.

Nikawa nimeweka uongo juu ya kosa. Yule mwanamke alikuwa mimi.

Barua pepe nne nilimtumia Anto, yaani Crisanto Gumban, kwa jina la ofisi, na nne zote hakuzijibu. Ijumaa tukaambiwa sauti za filamu zinafungwa Jumatatu, baada ya hapo hakuna kubadilisha. Jumamosi alfajiri nikapanda ndege ya kwanza kwenda Iloilo, mji niliozaliwa, bila kumwambia Nanay, mama yangu, anayeishi Molo hapo hapo mjini. Nanay angenisamehe wizi kabla ya kunisamehe hilo.

Sikuhitaji kuuliza Anto yuko wapi. Jumamosi asubuhi, tangu tulipokuwa wanafunzi, yuko soko la La Paz, kwenye kibanda cha Manang Pasing, mbele ya bakuli la batchoi: tambi, maini, vitunguu saumu vilivyokaangwa, na supu unayoongezewa bure mpaka uone haya.

Niliuona mgongo wake kwanza. Shati la buluu lililopauka mabegani. Ndani ya ndege nilikuwa nimeukanya moyo wangu njia nzima, nikaupa masharti, nikadhani tumeelewana. Haukukumbuka hata sharti moja.

Manang Pasing, dada mkubwa wa kila mtu pale sokoni, ndiye aliyeniwahi, upawa mkononi.

"Eee! Anto, geuka uone! Yule wako wa Manila kaja! Inday, mbona umekonda hivyo? Huko Manila hawali?"

"Wanakula, Manang. Wanakula huku wanakimbia."

"Basi kaa hapa ule huku umekaa. Anto, msogezee mwenzio kiti, usijifanye bubu."

Anto akasogeza kiti. Akanitazama, si kwa muda mrefu, lakini ulinitosha kugundua kwamba nilikuwa nimekisahau kile kikovu kidogo juu ya nyusi yake, na ilinisikitisha kwamba niliweza kukisahau.

"Inday," alisema.

Kwetu kila msichana ni Inday, hata muuza samaki atakuita hivyo akitaka ununue. Lakini akilisema yeye, nilijua ni mimi.

"Ulizipata barua za ofisi?" nikauliza, maana kazi ndiyo iliyonileta, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

"Nilizipata. 'Mheshimiwa Bwana Gumban, tunayo furaha kubwa.' Nikasema, huyu anayeandika namjua. Manila nzima hakuna mwingine anayeweka nukta mkato hata pasipohitaji."

"Sasa mbona hukujibu?"

"Barua zilikuwa hazina jina la mtu. Asiye na jina nimjibu nini?"

Manang Pasing akaniwekea bakuli, akabaki amesimama. Anto akamwangalia. "Manang, jiko lako linaungua." "Haliungui," akajibu, lakini akaondoka.

"Nieleze hilo tukio," Anto akasema. "Siwezi kuuachia wimbo wangu uende mahali nisipopajua."

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu yeyote: duka, unga uliobaki mezani, majiko manne, mikono ya yule binti. Aliacha kula akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akinisikiliza zamani nikimsimulia hata ndoto za kipuuzi.

"Anazima peke yake? Hana wa kumsaidia?"

"Hana."

"Na sauti yako inaingia wapi?"

"Akifika jiko la mwisho. Anaweka mkono, anasita. Halizimi."

Najua alikuwa amerudi kulekule nilikokuwa nimerudi mimi: jikoni kwa mama yake, mtaa wa Jaro, mvua inanyesha. Mimi namenya vitunguu saumu, yeye na binamu yake Dodong wanarekodi na magitaa mawili na kinasa sauti kimoja. Nilianza kuimba bila kujua, kama mtu anavyoimba akiwa na furaha na mikono ina kazi. Walipomaliza Dodong alitaka warudie, akasema nimewaharibia. Anto akakataa.

"Lete karatasi," alisema sasa.

Nikaitoa. Alisoma kila mstari. Akasaini penye jina la mtunzi, akasaini penye jina la mwenye rekodi, maana wimbo una nyumba mbili na zote zilikuwa zake. Nikaanza kupumua. Kisha akafika ukurasa wa mwisho, pale panapotakiwa majina ya kila mtu ambaye chombo chake au sauti yake inasikika. Akaandika jina lake. Akaandika la Dodong. Halafu akanigeuzia karatasi.

"Hapa ni pako."

"Anto, acha. Waliotajwa wanatosha. Nani atajua?"

"Mimi."

"Una ile nakala ya kwanza, mliyorekodi kabla sijaanza kuimba. Najua unayo, kila mtu huwa nayo."

"Ninayo. Nikupe umpelekee Direk wako?"

"Hataitaka."

"Hata mimi siitaki." Akavuta bakuli lake karibu. "Haya majina yanakwenda wapi?"

"Mwisho wa filamu. Yanapanda kwenye skrini."

"Na mama yako ataiona."

"Ataiona, na mashangazi zangu saba wataiona, na majirani watakaobebwa na mashangazi. Hawaondoki sinema mpaka jina la mwisho lipite, unawajua." Nikashusha sauti. "Bosi wangu naye atanifokea kwamba nimechagua wimbo ninaoimba mwenyewe. Huyo nitamwomba radhi, atapoa. Lakini Nanay anajua mimi na wewe tuliisha. Anajua natembea na mhandisi mmoja wa Bacolod."

"Unatembea naye?"

"Alinipigia simu mara mbili."

"Masikini mhandisi," Anto akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Tabasamu halikukaa. Aliweka kijiko chini.

"Inday, siku ile wazazi wangu walipokuja kwenu kukuposa, unakumbuka nini?"

Nilikumbuka kila kitu. Mama yake alivaa gauni la kanisani. Baba yake, fundi baiskeli, alikuwa amesugua kucha mpaka zikawa nyekundu. Walikuja na sufuria la kuku na vikapu vya mikate ya mchele, kama desturi inavyotaka, na Nanay akawakaribisha kwa heshima zote. Yeye ni mwalimu mstaafu, heshima hajawahi kuikosa. Kisha akauliza, "Kijana anafanya kazi gani?" Baba yake Anto akasema, "Anaimba, Mwalimu." Na Nanay akasema, "Hayo ni ya baada ya kazi. Nimeulizia kazi." Watu wote sebuleni wakanigeukia mimi. Na mimi nikakitazama kitambaa cha meza, nikaendelea kukitazama, mpaka wageni walipoaga. Wiki iliyofuata nikaenda Manila.

"Nakumbuka nilinyamaza," nikasema.

"Mama yako sikuwahi kumkasirikia. Mzazi alisema alichokiona. Lakini njiani baba yangu aliniuliza, 'Toto, yule binti anakutaka au hakutaki?' Nilishindwa kumjibu, Inday. Tulitembea mpaka Jaro sijamjibu. Alikufa mwaka jana bado sijamjibu."

Machozi yakanitoka juu ya supu ya watu. Sikujua kwamba mzee amekufa. Hakuna aliyeniambia, na nani angeniambia, wakati mimi ndiye niliyekuwa nimejifanya sina habari na ukoo ule?

"Nisamehe, Anto."

"Nilishakusamehe. Ningekuwa na kinyongo, ule wimbo ningeufuta. Ila sitaki tena kupendwa kwa siri. Kunachosha."

"Nani kakwambia unapendwa?"

"Umetia wimbo wangu kwenye filamu ya watu bila ruhusa, ukapanda ndege alfajiri. Kama huko si kupenda, basi ni wazimu."

"Ni vyote viwili," nikasema, na nilikuwa nacheka huku nalia, na Manang Pasing akatuongezea supu ambayo hakuna aliyeiomba.

Simu yangu ikaita hapo. Iloilo haifichi mtu. Mpwa wa Manang Pasing anauza maua karibu na kanisa la Molo, na upawa haukuwa umemzuia Manang kumpigia simu; kutoka pale hadi kwa Nanay ni hatua chache.

Lilikuwa jina la Nanay. Nikapokea.

"Felisa, uko wapi?"

Jogoo wa muuza kuku akawika nyuma yangu. Ningeweza kusema hata Manila wapo majogoo. Nilimtazama Anto. Yeye hakunitazama. Aliinama akawa anakoroga bakuli ambalo halikuwa na kitu cha kukoroga, ili niamue bila macho yake. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote nilizowahi kumpenda.

"Niko La Paz, Nay. Sokoni."

"Na nani?"

"Na Anto. Anto Gumban. Nimekuja kwa ajili yake."

Nikaona nisipoendelea hapo sitaendelea tena maishani.

"Nampenda, Nay. Nilimpenda siku ile wazazi wake walipokaa sebuleni kwako, nikashindwa kufungua mdomo. Leo ndiyo nasema."

"Unayasema haya sokoni? Mbele za watu?"

"Ndiyo, Nay."

Kibanda kizima kilikuwa kimeacha kula. Nilisikia pumzi ya Nanay, nikasikia na redio yake ya asubuhi ikizimwa.

"Basi ileteni nyumbani hiyo aibu," alisema. "Msiiache hapo ikachezewa na watu."

Simu ikakatika.

Anto alikuwa ameinua uso. Alikuwa na macho ya mtu aliyeshikishwa kitu kizito ghafla, hajui akiweke wapi.

"Sikutaka ugombane na mama yako," alisema. "Nilitaka unitaje tu."

"Nimekutaja. Sasa simama twende, maana hapendi kungojeshwa."

Tulipofika Molo, Nanay alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia, miwani puani, nywele amezibana upya. Anto akainama akaomba mkono wake, auguse kwa paji la uso kama tunavyowaamkia wakubwa. Nanay alichelewa kuutoa. Nilihesabu moyoni mpaka sita. Halafu akautoa.

"Baba yako alikuwa mtu mstaarabu," akamwambia. "Nilikwenda mazikoni. Nilisimama nyuma."

Sikujua hilo. Kwa jinsi Anto alivyoganda, hata yeye hakujua.

"Nasikia kuna karatasi," Nanay akaendelea.

"Kuna na wimbo, Nay," nikasema.

"Tuanze na wimbo. Mtu hasaini kitu ambacho mama yake hajakisikia."

Nikaweka simu katikati ya meza. "Taa ya Jikoni" ikaanza, gitaa la Dodong likijikwaa kidogo kama linavyojikwaa kila mara, kisha sauti ya Anto. Nanay alikuwa amekunja mikono kama anavyokaa msimamizi wa mtihani. Baada ya ubeti wa pili ikaja sauti yangu, mbali kidogo, mvua nyuma yake, haina maneno wala haina haraka. Mikono ya Nanay ikakunjuka. Wimbo ulipoisha akanigeukia.

"Huyu ni wewe."

"Ni mimi."

"Mbona hapa nyumbani hujawahi kuimba hivi?"

Ningeweza kutafuta jibu la adabu. Nilikuwa nimechoka na majibu ya adabu.

"Hapa nyumbani naogopa, Nay."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua tena.

"Kumbe," alisema. "Na mimi miaka yote nilidhani nimelea mtoto mpole."

Anto akataka kusema neno. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Wewe," Nanay akamgeukia, "usije ukafikiri nimekubali. Lile swali langu lipo palepale. Hii karatasi ni kazi?"

"Ni kazi, Mwalimu."

"Na wakiitaka ya pili?"

"Nitatunga ya pili. Mchana nafundisha gitaa shuleni, watoto arobaini."

"Arobaini." Hilo lilimgusa, niliona. Amefundisha miaka thelathini na sita, anajua watoto arobaini ni kitu gani. "Haya. Andikeni tuone."

Nikaichukua kalamu ya Anto, nikaandika chini ya jina la Dodong: Felisa Palmares. Nanay akainyakua karatasi kabla wino haujakauka, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha. Kidole kikasimama kwenye jina langu.

"Hujamaliza."

"Nimemaliza, Nay. Ni jina tu wanataka."

"Hapa pana jina la baba yako tu. La kwetu liko wapi?"

Kwetu jina la katikati ni la ukoo wa mama. Watu wengi hulifupisha kwa herufi moja, au huliacha kabisa kwenye mambo madogo. Na mimi nilikuwa nimeliacha makusudi. Nilidhani namsitiri.

"Nay, filamu itaonyeshwa hapa Iloilo. Mashangazi wote watasoma."

"Ndiyo nasema. Watasoma. Watauliza huyu anayeimba ni mtoto wa nani." Akanirudishia karatasi. "Andika Sumagaysay. Lote, usikate."

Nikaliandika juu, kati ya majina yale mawili, herufi zikibanana. Felisa Sumagaysay Palmares. Nanay akaivuta tena karatasi, akaupuliza wino, akaisoma mara ya mwisho. Kisha akaikunja mara mbili, akaupita mkono wangu niliokuwa nimeunyoosha, akamkabidhi Anto.